Daraja la Umri na Ulimi wa Msimulizi: Mwongozo kwa Waonyeshaji wa Filamu wa Mpakani

Kutoka Nengo, mjini Gisenyi nchini Rwanda, hadi Goma nchini Kongo ni mwendo wa miguu. Filamu huvuka mpaka huo kwa wepesi ambao bidhaa nyingine haina: flashi moja mfukoni hubeba filamu kumi na zaidi, nyingi zikiwa zimekwisha kutiwa sauti ya msimulizi. Anayeiingiza filamu, anayeisimulia, anayeinakili na anayeionyesha ukumbini wote wanafanya kazi ya habari, hata kama hakuna anayewaita wanahabari, na wajibu wa kazi hiyo unawahusu wote.

Msingi wa kwanza ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kuainisha na kupiga marufuku. Anayeainisha humpa mtazamaji taarifa ya kweli kabla hajalipa: ndani mna nini, na inamfaa mwenye umri gani. Anayepiga marufuku humwondolea uamuzi. Uingereza ilianza mwaka 1912 na bodi ya wadhibiti wa filamu. Mwaka 1984 bodi hiyohiyo ikabadili jina, neno la udhibiti likatoka na la uainishaji likaingia. Nchini Marekani, mfumo wa mwaka 1968 uliundwa na kampuni za filamu zenyewe, na daraja la PG-13 likaongezwa mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamikia Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom. Kenya hutumia madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto mwenye mwangalizi, kisha 16 na 18.

Kenya hiyohiyo imeonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyogongana. Filamu ya Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku 7, kwa watu wazima wanaotaka wenyewe kuitazama, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 mahakama hiyo ikaithibitisha marufuku. Maoni kuhusu maudhui ya filamu ile yanatofautiana sana, na mwonyeshaji ana haki ya kuwa na yake. Kwa upande wa taaluma, hata hivyo, siku zile saba zilithibitisha kwamba sharti la umri linaweza kuwalinda watoto bila kuwafungia watu wazima. Amri halali hutiiwa inapokuwapo. Anayeona haifai huipinga mahakamani, haendi kuionyesha filamu kwa siri chumba cha nyuma.

Nchini Rwanda, Ibara ya 38 ya Katiba inatambua uhuru wa vyombo vya habari, wa kutoa maoni na wa kupata habari. Ibara hiyo pia inataja mipaka: utulivu wa umma, maadili mema, ulinzi wa vijana na watoto, heshima ya kila raia, na faragha yake na ya familia yake. Mipaka hiyo nayo hupimwa. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilifuta kifungu cha sheria ya jinai kilichowatia hatiani wachoraji wa vibonzo na waandishi kwa kuwadhalilisha viongozi. Mwenye kazi hii anapaswa kujua kwamba sheria inayobana maoni inaweza kuhojiwa kwa njia ya heshima, na ikabadilika.

Mpaka mmoja haujadiliwi, na Gisenyi inaujua kuliko miji mingi. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alikuwa mtu wa mji huu. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, jijini Arusha, ilimtia hatiani kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari, pamoja na waasisi wawili wa redio RTLM. Katika rufaa ya 2007 adhabu zao zilipunguzwa, yake ikawa miaka 35, na majaji wakatofautisha kwa makini maneno ya chuki na uchochezi wa wazi wa mauaji ya kimbari. Hatia ya uchochezi kupitia maandishi ya Kangura ilibaki. Maneno yanayomfanya jirani aonekane mdudu hayawi burudani kwa sababu tu yamesemwa juu ya picha ya filamu ya kigeni.

Hapo ndipo kazi ya msimulizi inapohitaji uangalizi mkubwa kuliko nyingine zote. Agasobanuye, kama Wanyarwanda wanavyoiita filamu iliyosimuliwa, ni sanaa halisi; Afrika Mashariki nzima inaijua, kuanzia Lufufu wa Tanzania hadi VJ Jingo wa Uganda na DJ Afro wa Kenya. Msimulizi hufafanua, hufupisha, hutania, huongeza jina la mtaa au la kabila. Kila anapoongeza, filamu inabadilika. Daraja lililobandikwa ng'ambo halikuisikia sauti yake. Filamu ya PG-13 inaweza kutoka mikononi mwake ikiwa na matusi ya kiwango cha 18, au na kejeli kwa kundi la watu ambayo mtunzi hakuiwazia. Kwa hiyo toleo lililosimuliwa huainishwa upya, likiwa limesikilizwa mwanzo hadi mwisho na mtu mwingine asiye msimulizi. Ruhusa ya mwenye haki za utunzi nayo hutafutwa mapema. Kazi nzuri iliyojengwa juu ya nakala ya wizi haina wa kuitetea.

Uzito wa tafsiri ulionekana ng'ambo ya mpaka mwaka 2015. Serikali ya Kongo iliizuia filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotibiwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Waziri wa habari alidai kwamba tafsiri ya ushuhuda iliyoandikwa chini ya picha ililichafua jeshi. Zuio liliondolewa Oktoba mwaka huo. Mfasiri makini huhifadhi maneno ya asili na tafsiri yake kwa maandishi, ili shutuma kama hiyo ijibiwe kwa ushahidi.

Ukumbini, daraja huandikwa kwenye bango kwa ukubwa unaosomeka kutoka barabarani, pamoja na sababu yake: damu, lugha, au mapenzi. Vionjo vya filamu zijazo hufuata umri wa filamu inayoonyeshwa. Pasipo na mlango wa kumzuia mtoto, kama katika maonyesho ya wazi ambayo tamasha la filamu la Rwanda, Hillywood, limeyapeleka vijijini, filamu huchaguliwa kwa kumfikiria mtazamaji mdogo kuliko wote. Filamu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hutangazwa mapema, kwa kuwa aliyenusurika ana haki ya kujiandaa au kubaki nyumbani.

Ofisa akija kusimamisha onyesho, msimamizi humpokea kwa adabu, huomba amri ya maandishi inayotaja kifungu cha sheria, huandika saa na jina la ofisi katika daftari la ukumbi, kisha hufuata amri na kuanza rufaa. Watazamaji huelezwa sababu na kurudishiwa kiingilio siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyeuziwa tiketi kwa makosa: hutolewa bila kuaibishwa, na fedha yake huwekwa mkononi mwake kabla hajafika nje.