Onyo la Fayawoli Kwenye Kompyuta: Soma Kabla ya Kubonyeza

Uko nyumbani jioni, umefungua kompyuta ulipe stima. Mara onyo linatokea: fayawoli imezuia programu fulani. Tulia kwanza.

Fayawoli ni kama askari wa geti. Programu ikitaka kufungulia wageni kutoka kwa mtandao, anaizuia kisha anakuuliza wewe mwenye nyumba.

Kwenye Windows, onyo la kweli hutaja jina la programu na hukuachia uamuzi: uruhusu au ughairi. Je, ni programu uliyoifungua sasa hivi, labda gemu au ya simu za video? Iruhusu kwa mtandao wa nyumbani pekee, si wa umma. Huitambui? Ghairi. Ukiihitaji baadaye, utairuhusu.

Sasa, kuna onyo bandia. Hili hutokea ndani ya brauza, hujaza skrini nzima, pengine na king'ora juu, na kukuhimiza upige nambari fulani haraka. Ukipiga, "fundi" ataomba aingie kwa kompyuta yako, halafu atataka pesa au PIN. Fayawoli ya kweli haina nambari ya simu wala haiulizi PIN.

Ukikutana nalo:

1. Usipige simu.
2. Funga brauza. Ikikataa, zima kompyuta.
3. Kama ushatoa PIN, ibadilishe sasa hivi kwa simu yako, kisha utupigie kwa nambari yetu rasmi.

Na kumbuka, hata sisi hatutawahi kukuuliza PIN yako.