Maji ya Mbwaa: Utumwa, Uhuru na Mipaka ya Mamlaka katika Masimulizi ya Wameru

Utangulizi

Fasihi simulizi ya Wameru imehifadhi kisa cha kutoka Mbwaa, nchi ya majini ambako wahenga walitumikishwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Wanahistoria hawajaafikiana kuhusu mahali penyewe; Jeffrey Fadiman alipahusisha na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Makala haya hayaamui mzozo huo. Yanachunguza kisa kinavyoutazama utumwa, na kukilinganisha na Katiba ya Marekani ya 1787 na ya Kenya ya 2010.

Amri zisizotekelezeka

Watawala wa Mbwaa wanadai kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wanakitengeneza kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Tunda linatumbukizwa shimoni. Wanamimina maji hadi linaelea. Mtahiniwa wa fasihi ataona hapa sifa ya werevu, naye hatakosea. Hata hivyo, kila jibu huzaa amri ngumu zaidi. Dhamira ya kisa ni kwamba mamlaka yasiyo na mipaka hayaridhishwi kwa utiifu. Werevu huahirisha adhabu tu. Ndiposa watu wanatoroka wakiongozwa na Koomenjwe, na maji yanatengana. Waliovuka usiku waliitwa Njiru (weusi), wa alfajiri Ntune (wekundu), na wa mchana Njeru (weupe).

Baada ya Mbwaa, Wameru hawakujenga ufalme. Mugwe alibariki, nayo mabaraza ya wazee, ambayo kilele chake ni Njuri Ncheke, yaliamua kesi. Mamlaka yaligawanywa, ingawa wanawake hawakuketi katika baraza hilo.

Mto Ohio

Waasisi wa Marekani nao waliogopa mtawala asiyezuilika. Marekebisho ya Kumi ya 1791 yaliyaachia majimbo, au wananchi, mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa. Lakini Katiba hiyohiyo iliagiza mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe kwa bwana wake. Majimbo ya kusini yalitetea utumwa kwa hoja ya haki za majimbo. Kisha yakaunga mkono Sheria ya Watoro ya 1850, iliyotumia nguvu za serikali kuu kuwasaka watoro. Mtumwa wa Kentucky aliyevuka mto Ohio alifika jimbo huru bila kuwa huru. Maji yake hayakujifunga nyuma yake. Utumwa ulikomeshwa nchini kote kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu ya 1865.

Embu na Meru

Kenya ilijaribu majimbo mwaka 1963, Embu ikiwa makao makuu ya Jimbo la Mashariki. Mfumo huo ulivunjwa Jamhuri ilipoundwa mwaka 1964. Katiba ya 2010 iliyagawa tena mamlaka, Meru na Embu zikawa miongoni mwa kaunti 47. Kifungu cha 30 kinakataza utumwa, na cha 25 kinasema uhuru huo hauwezi kuwekewa mipaka.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kugatua mamlaka si sawa na kumkomboa mtu: jimbo linaweza kumiliki watumwa likijiita huru. Anayesoma kisa cha Mbwaa asiishie kwenye ujanja wa kiatu. Aulize pia nani aliyebaki ng'ambo ya maji, na ni nani anayeruhusiwa kumfuata aliyevuka.