Dondoo Muhimu: Kuteka Maji ya Chemchemi Bomet

Katika vilima vya Bomet, ambako chemchemi zibubujikazo chini ya mashamba ya majani chai hutiririkia mito kama Nyangores, ung'avu wa maji si dhamana ya usalama wake; kwa hiyo mwenye kuteka na azingatie haya.

1. Teka penye bomba lililojengewa ukuta wa saruji, wala usichote kidimbwini wanaponywea ng'ombe, hata foleni ikiwa ndefu.
2. Tazama upande wa juu wa mteremko: choo au zizi lililo ndani ya mita 30 ni hatari dhahiri.
3. Maji yakigeuka rangi baada ya mvua, fahamu kwamba yameingiliwa na maji ya juu ya ardhi, tafuta kwingine.
4. Osha jerikeni kwa sabuni, ndani na mdomoni, uifunge kwa kifuniko chake, maana wengi huiziba kwa majani au kitambaa, na maji yaliyotoka safi hufika nyumbani yakiwa yamekwisha kuchafuka.
5. Jerikeni iliyowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia mimea usiitumie abadan.
6. Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Panapozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji hutokota kwa joto pungufu, dakika 3.
7. Kuchemsha hakuondoi mbolea wala sumu za shambani.
8. Yahifadhi maji katika chombo chenye mdomo mwembamba, uyamimine, usitumbukize kikombe.