Kuku Wakati wa Baridi, na Jiko la Mkaa Lisiloingia Chumbani

Kijitabu cha kaya za Nyanda za Juu Kusini

Neno la kwanza

Katika Njombe, Makete na Mufindi, miezi ya Juni, Julai na Agosti huja na baridi kali, na sehemu nyingine umande huganda juu ya majani alfajiri, hali inayozifanya kaya nyingi kuhamishia vifaranga ndani ya nyumba na kuwawekea jiko la mkaa usiku kucha. Kijitabu hiki kinaeleza utunzaji wa kuku katika miezi hiyo, lakini neno lake kubwa ni moja: jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba wanacholala watu.

Jiko la mkaa

Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksidi, yaani hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu na isiyowasha macho, kwa hiyo aliyelala hana kitu cha kumwamsha. Wengi huamini kwamba moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu jiko limeshakuwa salama. Si kweli, kwani sumu huendelea kutoka hata makaa yanapofunikwa na majivu. Beseni la maji kando ya jiko haliiondoi, chumvi iliyonyunyizwa juu ya makaa haiiondoi, na dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa kidole halitoshi. Chumba ambacho nyufa zake zimezibwa kwa matambara na magunia ili vifaranga wasipigwe na upepo ndicho cha hatari kuliko vyote, na hatari huzidi anapolala humo mtoto, mzee au mama mjamzito.

Jambo hili husemwa kila msimu wa baridi, na bado wapo wanaofikishwa zahanati wakiwa hawajitambui, kwa sababu tu ya kuwahurumia vifaranga. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba wanacholala watu. Kijana anayelala bandani kulinda kuku dhidi ya wezi naye asilale na jiko, kwa kuwa banda alilolala limekuwa chumba cha kulala.

Joto la vifaranga

Joto bora ni la mama yao. Wasipokuwa na mama, wawekwe kwenye boksi au tenga lenye maranda makavu, yaani maganda membamba ya mbao zilizorandwa, na katikati liwekwe dumu la maji ya moto lililofungwa vizuri na kuviringishwa gunia au kitambaa kizito, maji yabadilishwe yanapopoa, na juu pafunikwe nusu tu ili hewa ipite. Katika wiki ya kwanza vifaranga huhitaji nyuzijoto 32 hadi 35, lakini asiye na kipimajoto awaangalie wenyewe: wakirundikana na kulia wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto, na wakitawanyika kwa utulivu joto limetosha.

Anayelazimika kutumia mkaa alitumie jiko katika banda la peke yake, lililojitenga na nyumba, lisilolalwa na mtu na lenye matundu ya hewa juu ya ukuta. Jiko likae juu ya matofali, lizungushiwe wavu, na anayeingia kuongeza mkaa aache mlango wazi.

Kuku wakubwa

Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu na asiyepigwa na upepo hahitaji moto wowote.

Banda

Upepo uzuiwe chini, kwenye usawa wa kuku wanapolala, lakini matundu ya juu yasizibwe, kwa kuwa unyevu na harufu ya kinyesi vikikosa pa kutokea huwaletea kuku mafua. Maranda yaliyolowa yatolewe siku hiyohiyo.

Mdondo

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huua kuku wengi kwa siku chache na hauna tiba, hivyo kaya imwone afisa mifugo wa kata kwa chanjo ya tone la jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku mgonjwa asichinjwe kwa kuwahiwa, aliyekufa asiliwe, asiuzwe wala asitupiwe mbwa, bali azikwe kwenye shimo refu.

Mikono

Kila aliyeshika kuku au kinyesi chao anawe kwa maji na sabuni.

Dalili za sumu ya mkaa

Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, miguu huishiwa nguvu, kisha mtu hupoteza fahamu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka hivyo kwa pamoja, watolewe nje mara moja, milango ifunguliwe, na wapelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Maziwa hayaondoi sumu hii, na asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria, anayewapeleka aanze kwa kumweleza mhudumu kwamba jiko la mkaa lilikuwa ndani.