SOMO: NI NANI ALIYEKITENGENEZA?



Katika hadithi nyingi mna kitu cha ajabu: pete, taa, fimbo au sindano. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tuliwazoeza wanafunzi wetu kukiulizia kitu kama hicho maswali matatu. Kimetoka wapi? Nani aliyekitengeneza? Kinamdai nini anayekitumia? Mwezi huu tuyajaribu maswali hayo kwa vitu vitatu.

1. Sindano ya Liongo

Hadithi hii ilichapwa mwaka 1870 na Edward Steere, padre wa misheni ya UMCA ambaye baadaye alikuwa Askofu, katika kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Liongo, shujaa wa pwani, hakuuawa kwa silaha yo yote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa kijana wa damu yake. Kijana alikwisha kuahidiwa makubwa na maadui, akamchoma usingizini.

Angalieni vema. Fundi ye yote wa shaba angeweza kuifua sindano ile. Nguvu yake ilitoka katika siri, na mkono ulioichoma ulitoka nyumbani.

2. Maji ya Ngarambe

Kitu cha pili hakikuanza katika hadithi. Mwaka 1904, huko Ngarambe, wazee walisimulia kwamba Kinjeketile Ngwale alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini, na siku ya pili akatoka akiwa mkavu. Alitoa dawa ya maji, iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za nafaka. Watu wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, ambako watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjeketile alinyongwa Agosti 4, 1905, lakini maji yaliendelea kusafiri bila yeye. Agosti 30 wapiganaji wengi waliangushwa na bunduki za rashasha huko Mahenge. Misheni yetu ya Masasi iliteketezwa mwezi huo huo, na Septemba misheni ya Yakobi, jirani zetu wa Njombe, ikashambuliwa. Vita vilikwisha 1907. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliandika mchezo wa Kinjeketile, akieleza kwamba huyo wa mchezoni ni kiumbe cha fikra zake. Ndani ya mchezo, mtengenezaji mwenyewe anaanza kuyaonea shaka maji yake, lakini imani ya watu imekwisha kumpita. Mwishoni anatakiwa atangaze kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwa kuwa ataeleweka kama anasema kudai haki nako ni uongo.

Wanafunzi wetu walibishana sana hapo. Sisi twaona hivi: umoja wa makabila ulikuwa wa kweli, na madai yao yalikuwa ya haki. Maji hayakuwa na nguvu, na deni lake walililipa watu kwa damu.

3. Nyoka wa shaba

Someni Hesabu 21 na 2 Wafalme 18. Nyoka huyu alitengenezwa na Musa, kwa amri ya Mungu, na watu wakapona. Hata hivyo miaka mingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande. Basi hata kitu chenye asili njema kinaweza kuabudiwa mahali pa Yeye aliyekiamuru.

Kwetu leo

Hapa Soweto, nguzo za umeme zina vibao vya waganga. Kijana anauziwa hirizi ya kufaulu mtihani, na mama hirizi ya kuvuta wateja sokoni. Katika nchi yetu ndugu zetu wenye ualbino wameuawa ili viungo vyao vifanywe dawa ya utajiri. Anayenunua dawa hiyo haulizi imetoka wapi. Angeuliza, angesikia kilio cha mtoto wa mtu.

Hatusemi watoto waache hadithi. La, wazisome! Anayezoea kuuliza mambo ya pete na sindano za hadithini ataweza kuuliza pia mbele ya mganga.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

(a) Je, ni nani aliyemwua Liongo: sindano, kijana au siri?
(b) Ungekuwa Kinjeketile wa mchezoni, ungejibu nini?
(c) Ni kitu gani nyumbani mwetu tunachokitumaini bila kuuliza asili yake?