Kupunguza Unene Bila ya Kujinyima

Katika miji yetu ya pwani yako makundi mawili ya watu waliokosea katika jambo la unene. Kundi la kwanza wauhesabu unene kuwa ni neema; mtu akikonda kidogo huulizwa ana maradhi gani. Kundi la pili, harusi ikikaribia, hujinyima chakula kwa wiki tatu, wakaishi kwa matango na maji ya ndimu, kisha wakaurudia ulaji wao wa zamani. Kilo walizozipunguza hurudi, na pengine hurudi pamoja na nyongeza.

Kwa nini hurudi? Si kwa uvivu wao. Mwili umeumbwa kuihofu njaa. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa hiari yao, kwa muda wa miezi sita. Walipungua kadiri ya robo ya uzito wao. Lakini walikuwa wanyonge, wepesi wa hasira, na fikira zao zote zikawa ni chakula. Walipoachiwa kula, wengine walikula sana wala wasihisi shibe. Basi ajinyimaye ghafula hushindana na maumbile yake, na maumbile hayachoki upesi.

Na njia iliyo bora ni ipi? Mwaka 2002, huko huko Marekani, yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupatwa na ugonjwa wa sukari. Baadhi yao walifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza mafuta, na kutembea dakika 150 kwa wiki, wakikusudia kupungua asilimia 7 tu ya uzito wao. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 6 na kidogo. Hatari ya kuugua ikapungua kwa asilimia 58. Nasi tuwaonao jamaa zetu wakikatwa miguu na kupoteza macho kwa sababu ya sukari, twajua ya kuwa hili si jambo la umbo wala la nguo.

Twapenda basi kutaja mambo matatu yawezekanayo katika kila nyumba.

Kwanza, vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari kadiri ya vijiko saba vya chai au zaidi. Na anywaye vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekwisha kula vijiko tisa, wala hajashiba. Na apunguze kijiko kimoja kimoja, ulimi utazoea.

Pili, chakula. Hatusemi kwamba wali wa nazi uachwe, wala mahamri yasipikwe. Twasema nusu ya sahani iwe mchicha, kachumbari na mboga nyingine. Wali upewe robo, na samaki au mbaazi robo iliyobaki. Na walao pamoja katika sinia hawakioni kipimo chao. Basi mtu na ale polepole, ainuke kabla ya tumbo kujaa.

Tatu, mwendo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Sokoni, msikitini na kwa jamaa pafikiwapo kwa miguu, gari na pikipiki ni za nini? Na kina mama wafuatane baada ya alasiri.

Mwenye kutumia dawa za sukari au za presha asibadili ulaji wake ghafula kabla ya kumwuliza daktari.

Mtu asijiulize: nitapungua kilo ngapi kabla ya Idi? Na ajiulize: jambo hili nitaliweza maisha yangu yote? Akiona haliwezi, na alichukue lililo dogo kuliko hilo, alidumishe.