Mbuyi, Kabanga na Cullinan: jinsi chapa za kifahari zinavyoyapa magari majina

Mwaka jana, katika somo la onomastiki, profesa alituagiza kila mmoja alete majina kumi kutoka mazingira anayoyajua vizuri, aeleze kila jina lilitolewa na nani na kwa sababu gani. Wenzangu walileta majina ya watoto, ya vijiji, ya mito. Mmoja alileta majina ya mbwa wa mtaa wao, na kazi yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi. Mimi nimekulia kwenye garaji ya baba mdogo, hapa Lubumbashi, basi nikaleta majina ya magari ya kifahari. Darasa lilicheka. Profesa hakucheka. Alipiga mstari chini ya sentensi yangu ya kwanza, iliyodai kwamba majina hayo "hayana maana, ni sauti tu ya kuuzia", akaandika pembeni neno moja: "Thibitisha."

Nilishindwa kuthibitisha, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Nilichokosea ni kutafuta maana mahali pabaya. Nilikuwa nikifungua kamusi, ilhali nilipaswa kuuliza jina linafanya kazi gani. Tunalijua jambo hili kutoka kwa lugha zetu wenyewe. Kwa Waluba wa Kasai, pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Ukiyasikia majina hayo hujapata habari ya tabia ya mtu, wala ya urefu wake. Umepata nafasi yake katika kuzaliwa. Upande wa pili kuna kasala, ambamo mtu anaitwa kwa majina ya sifa yanayokumbusha matendo ya waliomtangulia. Majina ya namna ya kwanza yanapanga, ya namna ya pili yanasifu. Nilipoyarudia magari nikiwa na tofauti hii mkononi, orodha yangu ilianza kusomeka.

Chapa za Ujerumani ni za kina Mbuyi na Kabanga. BMW ina 3, 5 na 7, na hata mtu asiyejua lolote la magari anaelewa kwamba 7 ni kaka mkubwa. Zamani tarakimu mbili za mwisho zilitaja ukubwa wa injini: 520 ilikuwa ya familia ya 5, yenye lita 2.0. Siku hizi uhusiano huo umelegea; 330i ya miaka ya karibuni ina injini ya lita 2, na ile 30 imebaki kuwa daraja tu. Kwa Mercedes-Benz mambo ni matamu zaidi kwa mwanaisimu. Herufi E mwishoni mwa jina la gari kama 190 E ilisimamia Einspritzung, yaani mfumo wa kuingiza petroli kwa kuipuliza. Mfumo huo ukaenea hadi herufi haikutofautisha kitu tena. Mwaka 1993 ikahamishwa mbele ya nambari, ikawa jina la familia nzima. Ni mofimu iliyopoteza maana yake ya kwanza, ikahama nafasi na kupewa kazi mpya. Tunaviona viambishi vikifanya hivyo kwa karne nyingi. Hapa tunaliona jambo lote ndani ya miaka michache.

Msomaji asidhani kwamba nambari ni kitu kisicho na mwenyewe. Mwaka 1963 Porsche ilionyesha gari jipya kwa jina la 901. Peugeot ikapinga, kwa kuwa nchini Ufaransa ilikuwa na haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, desturi iliyoianza na 201 mwaka 1929, na ambayo wazazi wetu wanaifahamu kwa 404 na 504. Porsche ikaitoa sifuri na kuweka moja. Ndivyo ilivyopatikana 911, jina ambalo leo linaheshimiwa kama limetoka mbinguni.

Kwa nini kampuni ipende nambari? Kwa sababu nambari haikumbukwi peke yake. Inakulazimisha utaje ukoo. Hakuna anayesema "nina 5" akaishia hapo. Acura ya Marekani ilikuwa na gari lililoitwa Legend, na watu wakalisifu Legend kuliko walivyoisifu Acura. Katikati ya miaka ya 1990 jina likaondolewa na mahali pake zikawekwa herufi RL. Infiniti ilitangaza mwaka 2012 kwamba magari yake yote yataanza na Q au QX. Nilipomwonyesha baba mdogo jina QX60, aliniuliza: "Hii njo jina ao namba?" Ni swali ambalo wanunuzi wengine nao wamejiuliza, naamini, kwa maana Lincoln imekwenda njia ya kinyume: ilikuwa na MKC, MKX na MKT, ambazo ni vigumu kuzitofautisha hata zikiandikwa, sembuse zikitamkwa, na miaka michache baadaye ikazibadilisha kuwa Corsair, Nautilus na Aviator.

Tuje sasa kwenye kasala. Ferruccio Lamborghini alizaliwa Aprili 1916, chini ya nyota ya Ng'ombe, na fahali akawa alama ya kampuni yake. Mwaka 1966 gari lake likaitwa Miura, jina la ukoo wa Kihispania unaofuga fahali wa mapigano. Baadaye ikaja Islero. Islero ni fahali aliyemuua Manolete, bingwa wa uwanja wa Hispania, mjini Linares mwaka 1947. Diablo nalo ni jina la fahali, ingawa neno lenyewe kwa Kihispania ni "shetani". Na Murciélago, fahali anayesimuliwa kwamba mwaka 1879 alichomwa upanga mara nyingi akakataa kuanguka, hadi akasamehewa, ana jina ambalo katika kamusi ni "popo". Hapa ndipo sentensi yangu ya kwanza ilipovunjika. Anayetafsiri jina la gari hili atapata popo, na atakuwa amekosea kabisa ingawa tafsiri yake ni sahihi. Nomino ya pekee haitafsiriwi, inasimuliwa. Mwenye kasala hatafsiri majina ya babu, anataja walichofanya.

(Countach, kwa wale watakaoniuliza, haimo katika zizi hilo. Ni mlio wa mshangao katika lugha ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Kihisishi kilichofanywa nomino: mwalimu wetu wa sintaksia angefurahi.)

Bentley inasifu mahali badala ya mnyama. Mulsanne na Arnage ni kona za barabara ya mashindano ya Le Mans, ambako magari ya Bentley yalishinda mwaka 1924 na tena kuanzia 1927 hadi 1930. Aston Martin inambeba mwenye mali: DB ni David Brown, aliyeinunua kampuni mwaka 1947, na herufi zake bado zipo kwenye magari yaliyotengenezwa baada ya yeye kuondoka. Rolls-Royce ilichagua mizimu, kutoka Silver Ghost hadi Phantom, Wraith na Spectre, kwa sababu iliyo wazi: gari lake lilijisifu kwa kupita bila kelele.

Lakini walionishika zaidi ni Maserati, na nadhani ni sisi tunaosoma lugha za Afrika tunaopaswa kuwasoma kwanza. Tangu Mistral ya mwaka 1963, kampuni hiyo imeyapa magari yake mengi majina ya pepo zinazovuma. Ghibli ni upepo wa moto wa Libya. Jina linatokana na Kiarabu, na maana yake ni upepo utokao upande wa kibla. Khamsin, gari la miaka ya 1970, ni upepo wa vumbi wa Misri unaosemwa kuvuma kwa siku hamsini, na neno lenyewe ndilo hilo: khamsin, hamsini. Shamal ni upepo wa kaskazini katika Ghuba, na katika kamusi ya Kiswahili yupo ndugu yake, shemali. Mnunuzi wa Milano anasikia ugeni na joto la jangwa. Mswahili angesikia nambari ya kawaida ya sokoni, kama si tahajia ya Kiitaliano kumfunika macho. Nilikaa na orodha ile wiki mbili kabla ya kuiona hamsini ndani yake, nami ninahesabu kwa Kiswahili kila siku.

Hilo linatupeleka kwenye mtihani ambao kila jina la kuuzwa duniani kote lazima lipite: je, katika lugha nyingine litasikika vipi? Inasimuliwa kwamba Rolls-Royce ilitaka kuliita gari lake la mwaka 1965 Silver Mist, "ukungu wa fedha", mpaka mtu akakumbuka kwamba Mist kwa Kijerumani ni samadi. Likaitwa Silver Shadow. Audi haikuwa makini hivyo. Mwaka 2018 iliuza gari la umeme kwa jina la e-tron, na sisi tunaofundishwa kwa Kifaransa hatuhitaji kamusi kujua étron ni kitu gani. Niliposoma mfano huu darasani nililazimika kusubiri kimya kirudi. Wakati huohuo niwaombe wenzangu tuache ule mfano wa Chevrolet Nova, eti haikununuliwa katika nchi za Kihispania kwa sababu no va ni "haiendi". Gari hilo liliuzwa vizuri Meksiko na Venezuela. Kila mwaka mtu anaurudia mfano huo kwenye ubao, na kila mwaka si kweli.

Kwa upande wa fonolojia yetu nitapita haraka. Majina ya Lamborghini yanaingia kinywani bila taabu, kwa kuwa silabi zake nyingi ni wazi: Mi-u-ra, Es-pa-da. Yale ya Rolls-Royce yanatusumbua: Wraith huanza kwa herufi isiyosomwa na kumalizika kwa konsonanti, nasi tutaiongezea irabu tukitaka tusitake. Katika ngeli yanakaa ya 9 na 10, "Phantom hii", hata kama gari lenyewe liko ya 5, "gari hili". Isipokuwa Benz, ambayo tumeikaribisha hadi sebuleni: tuna benzi na mabenzi, na katika Afrika Mashariki walipatikana pia wabenzi, wakubwa wa nchi waliojulikana kwa gari lao. Ukoo wa Karl Benz umepewa ngeli ya watu, heshima ambayo kampuni haikuinunua.

Jina la kumi katika orodha yangu lilikuwa Cullinan, gari ambalo Rolls-Royce ilianza kuliuza mwaka 2018. Kampuni inasema limeitwa kwa jina la almasi, na ni kweli. Almasi ya Cullinan ilipatikana Afrika Kusini mwezi Januari 1905, ikiwa na karati 3,106, jiwe la zaidi ya nusu kilo. Serikali ya Transvaal ikainunua na kumpa mfalme wa Uingereza mwaka 1907. Lakini jiwe nalo liliitwa kwa jina la mtu: Thomas Cullinan, mwenyekiti wa kampuni ya mgodi. Basi tuna mnyororo wa metonimia wenye hatua tatu, mtu, jiwe, gari, na katika kila hatua jina linapanda bei.

Kama kasala yangu ni sahihi, lazima niulize hapa ni sifa za nani zinazotajwa. Miura ni wafugaji waliofuga. Islero alipigana. Hata Mulsanne ni kona iliyopitwa kwa mwendo wa kweli na madereva wa kweli. Cullinan hakulichimba lile jiwe kwa mikono yake, na waliochimba katika mgodi ule hawamo katika jina lolote kati ya haya matatu. Mwenzangu mmoja aliniambia nisilete siasa kwenye isimu. Sikubaliani naye. Mtoa jina ni sehemu ya data. Ndivyo tulivyofundishwa wiki ya kwanza, na hatuwezi kumwandika mtoa jina wa mtoto wa kijijini tukamsahau mtoa jina wa almasi.

Nasi wa Katanga tunaijua sarufi hiyo. Kilomita zipatazo 120 kutoka hapa uko mji ulioitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière. Mwaka 1966 ukawa Likasi. Mji hubadilishwa jina na wanaoukaa. Gari halina wakaaji wa namna hiyo, na jiwe limekwisha kukatwa.

Katika toleo la pili la kazi yangu nilifuta sentensi iliyopigwa mstari. Kwenye jedwali, safu ya "mtoa jina", mbele ya Cullinan niliandika watu watatu kwa mpangilio: wazazi wa Thomas Cullinan, wakubwa wa mgodi, Rolls-Royce. Profesa aliongeza mstari wa nne kwa kalamu yake, akauacha wazi.